Kiti Kikibaki

Tiketi zilikuwa mbili, za bure, na zilikuja na karatasi ya masharti yenye vifungu kumi na kimoja. Mzee Kunja alivisoma vyote kwa sauti pale mezani, mkewe akiwa anapanga nguo kwenye sanduku. Mwenye tiketi hii atasafiri kiti kikibaki. Atavaa mavazi ya heshima. Hatawaambia abiria wengine kwamba anasafiri bure. Akikosa kiti njiani, chakula na malazi ni juu yake mwenyewe.

“Na kisipobaki?” mkewe aliuliza.

“Tutangoja ndege inayofuata.”

“Na mgonjwa naye tumwambie angoje?”

Mzee Kunja alirudi kwenye kifungu cha mavazi, akakisoma tena kana kwamba hapo ndipo penye shida yao.

Hiyo ndiyo ilikuwa ahsante ya kampuni ya ndege kwa mtu aliyesafisha ndani ya ndege zake miaka ishirini na sita. Ndege ikitua, abiria wakishashuka, yeye na wenzake walipewa dakika arobaini kuokota takataka, kufuta meza, kukunja mablanketi na kuacha kila kitu kama hakijaguswa na mtu. Jina la Mzee Kunja alilipata huko, na lilimfuata mpaka nyumbani, kwa sababu hakuweza kuona kitambaa kimelala ovyo akakiacha. Mkewe, mpishi wa shule, alizoea kusema kwamba mumewe angekunja hata moshi kama ungeshikika.

Wenzake walipostaafu walizitumia tiketi zao kwenda kutembea. Yeye alizificha kabatini, zimsubiri mjukuu. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa muuguzi ng’ambo, ameolewa huko, na viza zao alikwisha kuzishughulikia ili mama yake aje kumtunza akijifungua. Mtoto alikuja wiki tano kabla ya siku zake, wa kike, mdogo lakini mzima. Siku ya tatu mzazi alishikwa na homa. Siku ya sita alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Na asubuhi ile mkwe wao alipiga simu, kijana ambaye siku zote alizungumza nao kwa mizaha, akasema daktari amemwita pembeni na kumuuliza kama mgonjwa ana wazazi.

“Nikamwambia wapo,” alisema. “Akaniambia, kama wapo, waje sasa.”

Waliuliza bei ya tiketi za kununua. Yule wa ofisi ya tiketi aliwatajia, akaona nyuso zao, akawatajia tena polepole akidhani hawakusikia. Wakamshukuru, wakaondoka. Jirani, mwalimu mstaafu, akamwazima Mzee Kunja koti. Mikono ya koti ilikuwa mirefu, mkewe akaipinda kwa uzi mweusi, na alipokuwa anamalizia akajichoma kidole akalia. Wote wawili walijua kwamba halii kwa ajili ya kidole.

*

Uwanjani waliambiwa wasimame pembeni, karibu na mizani ya mizigo, mpaka waliolipa waishe. Mkewe akawa anawahesabu wanaopita. Hao watano, hao wanne, yule na mama yake. Kila familia iliyokuja na mabegi yake aliiona inamnyang’anya mwanawe. Alikuwa anawachukia watu asiowajua, alijua ni dhambi, na akaendelea kuwachukia.

Zilipobaki dakika chache mlango kufungwa, binti wa kaunta aliwaita kwa kidole. Alimfahamu Mzee Kunja tangu alipoanza kazi pale.

“Nyuma kumejaa kabisa, mzee,” alisema. “Lakini mbele viko viwili. Nenda kakalie ulichokisafisha.”

Mbele ni daraja la biashara. Mzee Kunja alivijua viti vile kuliko wote waliowahi kuvilalia. Alijua sarafu huangukia wapi, alijua watu wazima wenye tai hubandika wapi ubani waliokwisha kuutafuna, alijua kitufe gani hugoma kikimwagikiwa kahawa. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ni kuketi. Kanuni ya kazi ilimkataza msafishaji kukalia kiti hata kwa kufunga kamba ya kiatu, na kwa miaka ishirini na sita hakuivunja. Sasa alisimama kwenye ujia, mkoba mkononi, mpaka mhudumu akamwomba akae maana anawazuia wengine.

Mkewe aliketi ukingoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Hawajakaa vizuri, mhudumu yule akarudi kuomba kuziona tena pasi zao za kupandia. Hakuomba ya mtu mwingine yeyote. Alizisoma, akawarudishia, akasema karibuni sana. Bwana wa upande wa pili wa ujia alivitazama viatu vya mama yule, viatu vya jikoni vilivyopakwa rangi upya, kisha akafungua gazeti lake.

Zikaletwa taulo ndogo za moto, zimeshikwa kwa koleo. Mzee Kunja alikuwa ameokota maelfu ya taulo zile chini ya viti, zikiwa baridi na zina rangi za midomo. Hakujua kwamba huanza zikiwa moto. Aliishika yake mpaka ikapoa.

Chakula kilipokuja, mkewe alikataa. Kikaja tena cha namna nyingine, akakataa. Mumewe akamnong’oneza kwamba hakilipiwi, naye akamjibu kwamba anajua. Basi akamwonyesha kitufe cha kulaza kiti, kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha shamba lake. Kiti kikajinyoosha taratibu kikawa kitanda. Mama wa watu akalala chali, akatazama juu.

“Naye amelala hivihivi,” alisema. “Ila yeye ana mipira puani.”

Akakiinua kiti, na safari yote hakukilaza tena.

*

Walitua alasiri kwenye uwanja wa kubadili ndege. Walikuwa na saa moja na nusu. Kaunta ya wanaosubiri ilikuwa mwisho wa jengo, na anayefika kwanza ndiye huandikwa kwanza. Hayo yote Mzee Kunja aliyajua vizuri, na ndiye aliyemweleza mkewe wakiwa bado hewani: wa mbele hushuka kwanza, kwa hiyo mlango ukifunguliwa tu ni mwendo wa haraka, hakuna kugeuka.

Mlango ulifunguliwa, naye akageuka. Bwana wa ng’ambo ya ujia alikuwa ameacha gazeti limechanika vipande, bilauri imelala, blanketi lake sakafuni limenyweshwa juisi. Mzee Kunja aliwafikiria watu ambao muda si mrefu wangeingia kwa mlango wa nyuma na mifuko yao, wakikimbizana na saa. Akasema, dakika moja tu. Akalikunja blanketi lake, akalikunja la mkewe, akaokota lile la sakafuni. Kisha kiti cha mbele yake. Mikono ilikwisha kuanza, na mikono ya mtu wa kazi ikianza haimuulizi mwenyewe. Mazoea yana taabu. Na tuseme pia lililo kweli: alikuwa na hofu. Tangu simu ile ilipoingia hakuwa na la kufanya ila kungoja, na hapa palikuwa na jambo analoliweza.

“Mzee, twende,” mkewe alisema.

“Namalizia.”

Abiria wa nyuma wakaanza kupita, kwanza wenye watoto, halafu vijana wenye mabegi mgongoni, wakimwambia samahani mzee, tupishe. Aliwapisha, akarudi kwenye viti. Mkewe alisimama mlangoni ameshika mkoba kifuani. Hakuzoea kumpigia mumewe kelele mbele za watu, na baadaye jambo hilo lilimuuma kuliko mengine yote, kwamba alinyamaza kwa sababu ya adabu.

Wasafishaji wakaingia, na msimamizi wao, mwanamke mwenye saa kubwa, akakuta mzee wa koti jeusi akipanga mablanketi kumi na manne mraba juu ya mraba. Akamuuliza kama yeye ni abiria. Mzee Kunja akajibu kwa lugha ya kigeni aliyoiokota kazini kwamba ndiyo, ila alikuwa anawapunguzia kazi, kwa kuwa na yeye ni… Hapo akakumbuka masharti, akanyamaza.

Msimamizi aliyachukua mablanketi, moja baada ya jingine, akayakung’uta na kuyatumbukiza kwenye gunia. Hapa, alimweleza bila ubaya wowote, yote huenda kufuliwa, yaliyokunjwa na yasiyokunjwa.

“Na unatuchelewesha, mzee wangu,” alisema.

*

Njia ilikuwa ndefu, na miguu ya mkewe ilikuwa imevimba kwa kukaa. Alitembea akishikilia ukuta. Walipofika kaunta ya wanaosubiri walimkuta kijana mmoja na mchumba wake, wamevaa kofia za jua, nao wanasafiri kwa tiketi za bure kama wao. Walikuwa wametoka kwenye ndege ileile, safu ya mwisho kabisa karibu na choo. Kijana alikuwa mtoto wa mkubwa fulani wa kampuni, anakwenda harusini kwa rafiki. Karani alikuwa anawakabidhi pasi zao.

Mzee Kunja akaweka karatasi zake mezani. Karani akatazama kompyuta, akasema pole, vilikuwa vimebaki viwili na vimechukuliwa. Mzee akauliza, lini? Karani akatazama tena.

“Dakika sita zilizopita.”

Vijana walikuwa wameanza kuondoka. Aliwafuata hatua chache, akaita, “Wanangu.” Yule kijana alikuwa na visikilizio masikioni, hakugeuka. Mzee Kunja aliinua mkono amguse bega, akauona mkono wake kwenye koti la kuazima, akaushusha. Angesema nini? Kwamba binti yake yuko mahututi, na kwamba amechelewa kwa sababu alikuwa anafanya usafi? Aliwaangalia mpaka wakapotea, akarudi kwa mkewe akiwa ameinamisha kichwa.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma, amevua viatu.

“Ulikuwa unamfanyia nani usafi?” alimuuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Mzee Kunja akajibu kwamba hajui, na huo ndio ulikuwa ukweli wake wote.

*

Ndege ya asubuhi ilijaa. Shule zilikuwa zimefungwa, watu wakirudi makwao na watoto wao, na karani wa zamu mpya aliwaambia kwamba hata ya alasiri haina matumaini. Walikuwa wamekesha kwenye viti vya chuma, wamekaa wima wasikunje nguo, maana sharti la mavazi ya heshima lilikuwa linaendelea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Yao iliumiza na miguu. Ya mkewe ilikuwa imejaa mpaka viatu haviingii, na alipobonyeza kidole kwenye ngozi, shimo lilibaki.

Nje ya jengo hawakuruhusiwa kutoka, hawakuwa na viza ya nchi ile. Palikuwa na hoteli ndani mlemle, ghorofa ya juu ya maduka ya manukato, na vyumba vyake vilikodishwa kwa mafungu ya saa sita. Mzee Kunja alipanda peke yake kuuliza bei, akashuka, akasema mgonjwa mmoja anatosha katika familia, akaomba zile fedha za kigeni ambazo mkewe alizifunga kwenye leso. Zilikuwa za kumnunulia mtoto kitanda.

Mpokea wageni alitaka kadi ya benki. Hawakuwa nayo. Alizishika noti zao akazinyanyua kwenye taa moja moja, akampigia simu mkubwa wake, kisha akasema wanaweza kulipa hivyo, ila waongeze amana ya vinywaji vilivyomo ndani ya friji. Mzee Kunja akasema hawatalifungua friji. Mpokea wageni akasema wote husema hivyo. Ikabidi aitwe mtu wa kulifunga kwa ufunguo, naye akaja, akapiga goti mbele ya friji dogo, akalifunga, akalijaribu kuona kama limefungika kweli, wao wawili wakiwa wamesimama karibu na kitanda wakimngoja kama watoto waliokamatwa.

Chumba hakikuwa na dirisha. Mahali pa dirisha palitundikwa pazia, na nyuma ya pazia ni ukuta. Lakini mashuka yalikuwa meupe na maji ya moto yalikuwepo, na Mzee Kunja akamkalisha mkewe kitandani, akampandishia miguu juu ya mito miwili. Alikuwa anajitahidi kwa kila kitu. Mkewe alimwacha ajitahidi.

Intaneti ya hoteli ilishika vizuri, wakampata mkwe wao. Uso wake ulikuwa umenyauka. Aliwaambia kwamba jana usiku, kama saa tano hivi, mgonjwa alifumbua macho. Walimtoa mpira wa mdomoni kidogo. Aliuliza kama mtoto amekula. Halafu akauliza, “Mama amefika?”

Wote watatu walijua kwamba jana saa tano usiku ile ndege waliyoikosa ilikuwa imekwisha kutua huko.

“Na sasa?” mkewe aliuliza.

“Sasa amelala tena, mama. Nikuwekee simu sikioni kwake?”

Akaiweka. Ilisikika mashine ikipumua. Mama aliisogeza simu mdomoni kabisa, akazungumza kwa sauti aliyokuwa akimwamshia binti yake kwenda shule.

“Mama’ngu, ni mimi. Niko hapa karibu, nimebakiza ndege moja tu. Mwanao nitamwogesha mimi, usihangaike. Wewe nisubiri. Usichoke kunisubiri, mama.”

Mzee Kunja alikuwa amegeukia lile pazia lisilo na dirisha.

*

Mkewe alipolala, alitoka kwenda kusimama kaunta, maana aliamini kwamba karani anayemwona mtu mara kwa mara huona haya. Karani hakuona haya, ila aliandika namba ya chumba chao na kuahidi kupiga simu pakitokea lolote. Mzee akapanda tena ngazi. Alipofika kwenye ujia wa hoteli, penye mkokoteni wa mashuka machafu, simu ikatetemeka mfukoni.

“Baba,” mkwe wake alisema. “Baba, ametutoka.”

Mzee Kunja aliuliza mtoto yuko wapi. Amelala, akaambiwa. Akauliza kama binti yake alikuwa peke yake. Kijana akasema hapana, alikuwa amemshika mkono. Mzee akasema, “Ahsante, mwanangu.” Kijana akauliza kama mama yuko karibu, ili amwambie.

“Usimwambie,” alisema. “Hilo niachie mimi.”

Alisimama pale muda ambao hakuweza kuupima, yeye aliyeishi kwa dakika. Msichana wa usafi alitoka chumba cha jirani, akamwona mzee ameegemea mkokoteni wake, akarudi ndani polepole akajifanya kuna alichosahau. Mzee Kunja alijisemea kwamba ataingia, atakaa kitandani, atamshika mkewe mikono yote miwili, halafu atasema. Hakuona njia nyingine. Akaenda mpaka mlangoni, na kabla hajaushika, mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Mkewe alikuwa amesimama pekupeku, mtandio umemwangukia shingoni, simu ya chumbani inaning’inia kwa waya nyuma yake. Uso ulikuwa unang’aa.

“Mzee, viti! Wamepiga sasa hivi. Viwili, mbele kulekule. Wenyewe hawakutokea.” Akamshika koti. “Mbona unalia? Usilie. Mungu si Athumani, tumepata.”

Akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio, naye mwenyewe akaanza kulia kwa furaha, akicheka hapohapo, akitafuta viatu, akivilazimisha miguuni. Lango lilikuwa linafungwa baada ya dakika hamsini. Mzee Kunja akafikiri: nikisema sasa, ataanguka hapa kwenye chumba kisicho na dirisha, na viti vitakwenda, na huko kuna mwili wa kuzikwa na mtoto wa kulea. Nitasema tukiketi. Walipoketi akasema, nitasema tukipaa. Walipopaa akasema, nitasema tukitua.

*

Ilikuwa ile ndege ya alasiri, jua bado likiwaka nje, lakini wahudumu walishusha vifuniko vya madirisha ili watu wa mbele wapumzike, na kabini nzima ikawa na kiza cha kutengenezwa. Kila mtu alikuwa amelala kwenye kitanda chake. Mkewe hakulala. Tangu juzi alikuwa hajala, na sasa alikula kila alicholetewa, akafuta sahani kwa mkate, akaomba maji mara mbili bila woga. Ile mifuko midogo waliyogawiwa, yenye soksi na mafuta ya mikono, aliifungua yote miwili akatoa soksi na kuzitia kwenye mkoba wake.

“Hizi za mwanangu,” alisema. “Miguu yake haipati joto hata kwenye jua. Tangu mdogo.”

Mzee Kunja akasema ndiyo, ni kweli.

Akamuuliza kama mtoto wamempa jina au wanawangoja wao. Mzee akasema hajui. Akamuuliza kama hospitali ile inawaruhusu kina mama kupika nje walete ndani, maana chakula cha hospitali hakimnyanyui mtu. Mzee akasema hajui. Mkewe akamtazama. Alimwona jinsi alivyojikunyata kwenye kiti kikubwa vile, akadhani anajua kinachomla. Kwa siku nzima alikuwa amempa ukimya kama adhabu, na sasa aliona adhabu imetosha. Akapitisha mkono juu ya kizuizi kilichotenganisha viti vyao, akampata kiwiko.

“Sikiliza,” alisema. “Maji yakimwagika hayazoleki. Nawe hukutaka. Tukifika, akikuuliza jana tulichelewea wapi, usimwambie habari ya mablanketi. Mwambie ni miguu yangu. Mwambie mama yako alishindwa kutembea. Mimi hatanikasirikia.”

Laiti angemtukana. Mzee Kunja alikuwa amejipanga kwa matusi, kwa lawama, kwa ukimya wa miaka yote iliyobaki. Kwa hilo hakujipanga. Akafungua mkanda, akashuka akapiga magoti kwenye ujia karibu na kiti cha mkewe, mtu mzima, kwenye zulia alilolifagia nusu ya maisha yake. Akamwambia. Alimwambia kwa maneno manne, kisha akamwambia saa aliyopigiwa simu.

Mkewe hakuelewa mara moja. Aliuliza, “Nani?” Kisha akauliza, “Kabla hatujapanda?” Naye akatikisa kichwa kukubali. Ndipo sauti ikamtoka. Haikuwa kubwa sana, lakini kabini ilikuwa kimya, na ilikuwa sauti ya aina ambayo mtu hawezi kuendelea kulala nayo. Taa ikawashwa juu ya kiti kimoja. Mtu akakohoa. Mwingine akabonyeza kitufe cha kumwita mhudumu.

Mhudumu alikuja kwa haraka na bila kishindo, binti wa umri wa miaka thelathini hivi, nywele zimefungwa nyuma vizuri. Akainama kati yao, akauliza kwa upole kama mama anaumwa. Akasema angependa kuwasaidia, ila kuna abiria wanaolala, na wameanza kulalamika.

Mkewe akamtazama yule binti usoni, akamtazama sana. Akajishika mdomo kwa viganja vyote viwili mpaka sauti ikakatika, kisha akaviondoa.

“Samahani, mwanangu,” alisema. “Nimefiwa. Nitanyamaza.”

Na kweli alinyamaza, saa tano nzima, mpaka ndege ilipotua.